Kilo Zilizozidi kwenye Roboti Yenu

Rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa vijana wote wa timu. Barua yako nimeisoma, na michoro nimeiangalia kipande kwa kipande. Roboti ina kilo 54.8, kikomo ni kilo 52.16, na unasema vijana wameshashika drili ili waipunguze kwa kuitoboa matundu. Naomba uwazuie kwanza, nikupe hesabu ya hayo matundu.

Tundu la kipenyo cha milimita 10 kwenye bati la alumini lenye unene wa milimita 3 linaondoa gramu 0.64 tu. Tundu kubwa la milimita 50 linaondoa gramu 16. Kwa hiyo kilo moja inataka matundu makubwa zaidi ya 60, na kila moja lina kingo za kupigwa tupa na vumbi la alumini la kufagia. Kilo zenu hazipo huko. Zipo kwenye vitu vinene na kwenye chuma kilichowekwa mahali ambapo alumini ingetosha.

Mlivyopima ni sahihi, maana betri na bampa, ambazo hazihesabiwi kwenye kikomo, mmezitoa. Ila angalieni jambo moja: kikomo cha FIRST Robotics Competition, mashindano yenu ya roboti, kilikuwa ratili 125 kuanzia 2019, kikashushwa hadi ratili 115, ndizo hizo kilo 52.16, mwaka 2025. Mkono mliouchukua kwenye roboti ya zamani ulibuniwa wakati kuna nafasi ya kilo 4.5 zaidi. Ndiyo maana naanza na huo mkono.

Mabomba yake mawili ya mstatili, milimita 50 kwa 25, yana ukuta wa milimita 3. Bomba la namna hiyo lina uzito wa gramu 1,118 kwa mita. Lenye ukuta wa milimita 1.5 lina gramu 583. Mabomba yenu yana urefu wa mita moja kila moja, basi mkiyabadilisha mnapata kilo 1.07 hapo hapo. Lakini bomba jembamba lina tabia zake. Ukilipitishia bolti na kukaza, kuta zinabonyea kwa ndani, bolti inalegea baada ya mechi chache, na tundu linaanza kupanuka. Kila bolti inayopita pande zote mbili iwekewe kijibomba cha alumini ndani, kilichokatwa sawasawa na nafasi iliyopo kati ya kuta. Sehemu zisizobeba mzigo mkubwa zifungwe kwa riveti. Na pale beringi inapokaa, ongezeni kibati cha milimita 3 kwa nje, kwa sababu ukuta wa milimita 1.5 hauwezi kuishika peke yake.

Faida ya mkono mwepesi si kilo hiyo moja tu. Uzito ulio juu ndio unaopindua roboti ikigeuka kwa kasi, na ndio unaoilazimisha mota ya mkono kufanya kazi kubwa. Gramu 500 zikitoka kwenye ncha ya mkono zina thamani kuliko gramu 500 zikitoka kwenye fremu ya chini. Fremu ya chini, kwa maoni yangu, isiguswe kabisa.

Sasa shafti. Mbili zinazozungusha rola za kuokotea mpira ni za chuma, kipenyo milimita 12, urefu sentimita 60. Chuma cha kipenyo hicho kina gramu 888 kwa mita, alumini ina 305. Mkibadilisha zote mbili mnapata gramu 700. Rola hazibebi mzigo wa kupinda wala kusokota kwa nguvu, alumini itazimudu. Shafti ya mkono yenyewe na ekseli za magurudumu ziachwe za chuma. Alumini ikisokotwa kwa mshtuko inajipinda kama kamba, na haitarudi.

Yale mabati mawili ya pembeni, sentimita 30 kwa 20, unene milimita 6, sikuona sababu yake kwenye mchoro. Kila moja lina gramu 972. Ya milimita 3 yatatoa jumla ya gramu 970 nyingine. Kama vijana bado wanataka kutoboa, watoboe hapo, katikati ya bati, mbali na matundu ya bolti kwa angalau kipenyo kimoja cha tundu, na kona zote ziwe za mviringo. Kona kali ndiko nyufa huanzia. Bati litolewe kwenye roboti kwanza: chembe moja ya alumini ikidondokea kontrola ya mota inaleta shoti.

Halafu mnyororo. Mnatumia mita 4 za saizi namba 35, gramu 310 hivi kwa mita. Namba 25 ina gramu 130 hivi. Hiyo ni karibu gramu 720, bila kuhesabu sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, ambazo lazima zibadilishwe nazo kwa kuwa meno hayalingani. Namba 25 ni dhaifu zaidi na haisamehe sproketi zikikaa mshazari, kwa hiyo ziwekeni kwenye mstari mmoja kwa rula ndefu. Kwa rola haina shaka. Kwa mkono, jaribuni kwanza baada ya kuupunguza.

Jumlisha: 1.07, 0.70, 0.97 na 0.72 ni kilo 3.46. Roboti itafika kilo 51.34, na vijibomba vya ndani vitaongeza kidogo. Msijaribu kukaribia 52.16 zaidi ya hapo, maana mzani wa wakaguzi huenda usilingane na wenu, na siku ya mashindano hamtakosa kuongeza kibati cha kuimarisha mahali fulani.

Vipande vya kinga vya plastiki viwe polikaboneti, si akriliki, ambayo hupasuka ikigongwa. Na gundi ya hesi, ile ya kuzuia bolti zisilegee, isiguse polikaboneti, itaifanya ipasuke nyufa.

Waya msizipunguze unene ili kuokoa gramu. Unene umewekwa na kanuni, na waya mwembamba unachemka. Fupisheni tu zile zilizozungushwa bila sababu.

Kabla ya kufunga chochote, mpe kijana mmoja mzani wa jikoni na jedwali. Kila kipande kipimwe na kuandikwa, kile cha zamani na kile kipya. Programu ya michoro haihesabu waya, riveti wala grisi, kwa hiyo kwenye namba zake ongezeni asilimia 10. Nitumie jedwali hilo likishajaa, niangalie mstari wa mkono kwanza.

Wasalimie vijana.

Rafiki yako,
Neema