Barua kwa mwanangu aliyeko Dodoma

Ipuli, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi hatujambo, ila mguu wa baba yako bado unamsumbua. Barua hii anakuletea mama yako mdogo anayekuja huko kwa treni, pamoja na dumu la asali. Kwenye simu nimeshindwa, maana nikianza tu unasema una kipindi.

Unasali?

Kaka yako amenionyesha ulichobandika, kwamba maisha hayana maana na anayeomba anaongea na ukuta. Najua unaandika tasnifu juu ya mwandishi Kezilahabi. Nafurahi, usidhani sifurahi. Baba yako amemtangazia kila mtu mpaka muuza mkaa kwamba binti yake anasoma shahada ya pili. Lakini kusoma kitabu ni jambo moja, kuhamia ndani yake ni jingine.

Kichomi, kitabu chake cha mashairi, nimekifundisha. Wanafunzi walikipenda kwa kuwa hakina vina wala mizani, wakadhani ni rahisi, mtihani ukawaonyesha. Hayo unayajua kunishinda. Ninachouliza ni kwa nini kila mazungumzo yako yanaishia kwa Kazimoto. Sawa, Kazimoto wa riwaya yake ya Kichwamaji alijiua. Ila mwaka huohuo wa 1974, mkono uleule ulitoa na Kichomi. Fungua shairi la "Kisu Mkononi". Mtu kashika kisu, nyuma hakurudiki, mbele giza. Mbona yeye hafi? Anakata shauri aishi, azunguke na kamba yake kama ng'ombe aliyefungwa, akisikiliza moyo wake unavyopiga. Kamba haijakatika na maswali yake hayajajibiwa. Huyo ng'ombe mimi namwelewa, nimewafunga wengi pale kwa bibi yako. Anakula mpaka kamba inapoishia, anavuta shingo kidogo, akiona haiendi anageuka kula upande wa pili. Jioni ukimfuata unakuta duara la majani mafupi na tumbo limejaa. Kwenye tasnifu yako sijui kama huyo umempa hata ukurasa.

Tena Kezilahabi alipita seminari ya Nyegezi kabla ya chuo kikuu. Jina la riwaya yake ya Rosa Mistika limetoka kwenye Litania ya Bikira Maria, sio barabarani. Yule aligombana na Mungu anayemfahamu. Ayubu naye aliilaani siku aliyozaliwa, na kitabu chake kimo kwenye Biblia mpaka leo. Kwa hiyo gomba, mwanangu, uliza, hata kasirika. Kinachoninyima usingizi ni kwamba wewe hugombi. Umenyamaza tu, kisha unabandika maneno kwenye simu wayasome watu usiowajua.

Najua utasema ni mimi niliyekufungia vitabu hivyo kabatini. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni enzi hizo, si mimi niliyeanza. Na mbona ufunguo ulijua ulipo?

Sasa nijibu hili bila kunitajia mwanafalsafa yeyote: yale maneno ni ya tasnifu au ni yako? Kama ni yako, nipigie hata usiku wa manane. Sitakuhubiria. Nitapanda treni nije, baba yako atabaki na kaka yako.

Hapa nyumbani mabati ya upande wa jikoni yanavuja tena, fundi kachukua kianzio hajaonekana. Mdogo wako kapata alama nzuri za hesabu, kwa Kiswahili kaanguka, na mimi nipo humu humu ndani, aibu gani hii. Embe mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanalala, ila nikikutumia zitaoza njiani.

Unasali lakini? Hata kidogo, hata kwa hasira?

Asali usiiweke kwenye friji, itaganda. Nusu mpe mwenye nyumba wako, labda ataacha kukusumbua kuhusu maji. Dumu urudishe, ni la kuazima.

Mama yako