Salamu za Shukrani: Msiba wa Mama Yetu, Old Moshi

Bwana asifiwe.

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu wa marehemu, pamoja na ndugu zetu wa Shirati, wilayani Rorya, mkoani Mara, tunawashukuru nyote mlioshirikiana nasi kwa hali na mali tangu Mama alipolazwa mpaka tulipompumzisha kihambani, kwenye shamba la nyumbani, pembeni ya Baba. Wapo mliomjua kama Mama Sista, kwa kuwa alikuwa muuguzi, wapo mliomwita Bibi Mjaluo. Watoto wa mtaa wetu walimwita Bibi Dagaa, kwa sababu hakuna ndugu wa Mara aliyekanyaga Old Moshi bila kuulizwa mlangoni, kabla ya salamu kuisha, dagaa wako wapi.

Shukrani za pekee ziwaendee madaktari na wauguzi wa KCMC. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na Mama alikuja kufanya kazi pale ikiwa bado mpya, hadi akastaafu. Wauguzi wa sasa wengi walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Lakini waliposikia kwamba bibi yule ni muuguzi mwenzao, walikuwa wakipita kitandani kumwamkia hata wakiwa wametoka zamu. Asubuhi moja, mrija wa oksijeni ukiwa puani, Mama alimnyooshea kidole binti mmoja aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani. Kona ya shuka haikuwa imekunjwa sawasawa. Yule binti alicheka, akaikunja upya, kisha akamgeukia: "Sasa je, Sista?" Mama akatikisa kichwa kukubali. Binti yetu, hatukutaji jina, ila ubarikiwe sana.

Kanisani wengi mlituuliza Wamennonite ni watu gani, maana hapa Old Moshi karibu kila nyumba ni ya KKKT, kanisa la Kilutheri. Mama alikuwa na jibu fupi: "Sisi ni wale wanaotawadhana miguu, na hatushiki silaha." Wamisionari Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, na Mama alizaliwa misheni ikiwa bado changa. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa anayejua anachokiri, ndiyo desturi yao, na uuguzi alijifunza hospitali ya palepale misheni. Kwenye Meza ya Bwana, wanawake huketi wawiliwawili, beseni na taulo mbele yao, kila mmoja akamwosha mwenzake miguu kama ilivyo katika Yohana 13.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa wagonjwa wa ukoma, nayo pia ilikuwa ya miguu. Zamani zile, kabla dawa za mchanganyiko hazijaanza kutumika miaka ya 1980, mgonjwa alimeza dapsone miaka na miaka. Na vidonge peke yake haviokoi mguu. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, kwa hiyo mtu anakanyaga mwiba au kaa la moto asisikie lolote, anaendelea na safari yake, kesho kutwa ni kidonda. Mama alikuwa akiwalowekea miguu kwenye maji, anasugua ngozi ngumu, anapaka mafuta, anapekua katikati ya vidole kimoja kimoja. Aliifanya kazi hiyo nyakati ambazo hata ndugu wa damu walikuwa wakiwawekea wagonjwa chakula mbali na mlango.

Ndiyo maana alipostaafu hakushangaa kuona kisukari kinawafanyia majirani zetu mambo yaleyale. Kibarazani kwake kulikuwa na kigoda na beseni la bluu. Aliyekuja na mguu aliketi, aliyekuja na maneno ya watu aliambiwa asubiri. Agizo lake mlilijua wote: kabla hujavaa kiatu, ingiza mkono ndani, pekua, kung'uta. Mzee mmoja aliwahi kutoa msumari kwenye raba aliyokuwa ameshinda nayo tangu asubuhi. Mama hakumkaripia. Alimwosha, akamfunga kidonda, akamwambia mtoto wake amwahishe hospitali siku hiyohiyo, kwani kidonda cha namna hiyo hakikuwa cha kibarazani, na kujua mpaka wake nako kulikuwa sehemu ya uuguzi wake.

Kwetu sisi watoto alikuwa mkali, tusidanganyane. Alitulea kwa mtori na dagaa, kwa sala ya alfajiri na kucha fupi. Baba, mwalimu, Mchaga wa hapahapa, ndiye aliyekuwa mpole, tuliomba ruhusa kwake kwanza, halafu tukaambiwa, "Kamuulizeni Sista."

Tunaushukuru usharika wa KKKT uliotufungulia kanisa lake bila masharti, na wachungaji na washirika wa Kanisa la Mennonite waliotoka Arusha kuongoza ibada. Wajomba, mama wadogo na binamu zetu kutoka Shirati, mlikesha barabarani kupitia Mwanza, Shinyanga na Singida, na mkashuka kwenye basi mkiwa na kiroba cha dagaa. Hapo ndipo wengi wetu tulipolia kwa mara ya kwanza. Wakwe zetu wa Kichaga, mlikaa na wageni wa Mara usiku mzima mkitafsiriana. Vijana wa bodaboda, gari la jeneza liliponasa kwenye tope pale kwenye kona ya mwisho, mlisukuma na nguo zenu za kazi mpaka juu, na hamkutaka hata soda. Akina mama wa jikoni, mwenyekiti wa kijiji, balozi wetu, majirani mliolaza wageni: asanteni sana.

Mkwe wetu wa mwisho, tunasema hadharani ulichokataa tusiseme kaburini. Miezi yote ya mwisho ni wewe uliyemwogesha Mama, ukamkata kucha, ukamgeuza usiku ili asipate vidonda vya mgongo. Mama alikukagua wewe kuliko wauguzi wote aliowahi kuwakagua, na hakukuta kosa. Alituambia sisi, wewe hakukuambia, ndivyo alivyokuwa.

Kuna waliouliza kwa nini hatukushona sare ya kitenge wala kuweka mshereheshaji. Si uchoyo. Mama alikataza vyote viwili mapema, mbele ya mashahidi. Rambirambi zilizobaki baada ya kulipia jeneza, turubai na viti zitanunua viatu vyenye soli laini kwa wagonjwa aliokuwa akiwahudumia kibarazani. Mweka hazina wa kamati anayo hesabu, anayetaka kuiona aje nyumbani.

Siku ya ibada ya shukrani na kuweka msalaba itatangazwa kanisani na kwenye grupu la familia. Tumebaki na sufuria mbili kubwa za pilau, chupa ya chai yenye maua mekundu, na shuka moja la Kimasai lililosahaulika kwenye kiti. Wenyewe mje mchukue, tupo.