Walimu wa kompyuta, waonyesheni vijana skrini nyeusi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limeniuma. Mdogo wangu anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, likizo hii kaandika programu kwa Tkinter (sehemu ya Python ya kutengenezea madirisha) ya kuhesabu mzigo wa duka la mama, ina dirisha, vitufe viwili na sehemu ya kuandika bei. Ndani ya IDLE, ile programu ya kuandikia na kujaribia kodi inayokuja na Python, inapiga kazi fresh tu, ila akidabo-kliki lile faili dirisha linamulika kama radi halafu halipo. Akaambiwa hivyo ni virusi, akapeleka laptopu kwa fundi, wakapiga Windows upya, kalipa 20,000 na picha zake zote zimeenda, bahati programu alikuwa nayo kwenye flashi. Karudi nyumbani kufungua, yale yale.

Jioni nikamwambia hebu twende CMD, ile skrini nyeusi ya Windows ya kuandikia amri. Tukaingia kwenye folda yenye faili lake duka.py kwa amri ya cd, tukaandika py duka.py ili liendeshwe, dirisha likaja likapotea ila hakuna kosa lolote lililoandikwa pale, sasa hiyo maana yake programu haijafa, imefika mwisho ikaondoka zake. Kuangalia chini kabisa ya kodi ya programu, hakuna root.mainloop(), ule mstari unaoliacha dirisha wazi likimsubiri mtumiaji! IDLE ndo ilikuwa inamshikia dirisha muda wote, nje ya IDLE hakuna wa kulishika. Mstari mmoja jamani!

Kesho yake kaongeza nembo ya duka, kaendesha akiwa amesimama folda nyingine, ikagoma, ila safari hii CMD ikamtajia kabisa kwamba nembo.png haionekani na ni mstari wa ngapi, kwa sababu Python inatafuta picha kuanzia folda uliyopo wewe, sio lilipo faili la programu. Karekebisha mwenyewe wala hakuniita.

Walimu wangu, muonyesheni mtoto CMD siku ya kwanza, hayo mambo ya kubadili jina la faili liishie .pyw badala ya .py ili skrini nyeusi isitokee yasubiri programu iive, maana ukiificha na makosa umeyaficha. Na wanaotumia Ubuntu (aina ya Linux) badala ya Windows waambieni Tkinter mara nyingi inasakinishwa peke yake, sudo apt install python3-tk, halafu wajaribu python3 -m tkinter, kadirisha kakitokea wako sawa.

Mhariri, kona yenu ya teknolojia kila wiki ni simu mpya tu, tupeni hata robo ukurasa wa mambo kama haya, vijana wanaohangaika kama mdogo wangu wapo wengi.

Msomaji wenu,
Morogoro