Mgeni wa Tuscaloosa aambiwe saa ya mechi kabla ya kuambiwa mgahawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu ya safari iliyowashauri wazazi wenye watoto Chuo Kikuu cha Alabama, hapa Tuscaloosa. Mwandishi alisema Jumamosi ya mechi mgeni asihangaike na mji, akale kwenye migahawa ya barabara kuu, ile ile iliyopo kila jimbo, kisha arudi hotelini alale. Naishi Northport, ng'ambo ya Mto Black Warrior, na ushauri huo siuafiki. Mtu katoka Dar es Salaam au Mombasa hadi Tuscaloosa, halafu umlishe baga ya kando ya barabara kuu?

Foleni zipo, hilo silibishi. Uwanja wa Bryant-Denny, inakochezea timu ya chuo mpira wa Kimarekani, unachukua watu 100,077, karibu sawa na wakazi wote wa mji, na wapo wengine wanaokuja bila tiketi ili mradi wawepo. Lakini umati huu una ratiba. Televisheni ndiyo inayopanga: mechi huwa kama saa tano asubuhi, au kama saa nane na nusu mchana, au jioni. Na mpira wa Kimarekani hauishi kwa dakika tisini, unakula saa tatu na nusu hivi. Asiye na tiketi hizo ndizo saa zake za kupata meza. Mwenye tiketi ashibe kabla, kwani uwanjani haruhusiwi kuingia na chakula, na mkoba wenyewe lazima uwe wa plastiki inayoonyesha kilichomo.

Kwa hiyo mechi ikiwa ya saa tano, usijaribu Waysider saa moja asubuhi. Ni nyumba ndogo nyekundu inayopika kifungua kinywa tangu 1951, na watoto hutengenezewa chapati za maji zenye umbo la tembo, maana tembo ndiye nembo ya timu. Nenda filimbi ikishapulizwa.

Mla kitimoto ndiye mwenye bahati zaidi. Dreamland, mgahawa wa mbavu za nguruwe, ilifunguliwa 1958 na John Bishop, fundi uashi, huko mtaa wa Jerusalem Heights, mwaka ule ule Paul "Bear" Bryant alipoanza kuifundisha timu. Kwa miaka mingi hapakuwa na haja ya menyu: mbavu, mchuzi, slesi za mkate mweupe, basi. Upande wetu wa mto kuna Archibald's, ya tangu 1962, iliyoanzishwa na George na Betty Archibald. Ni kijumba chenye viti vya kuhesabu. Tanuri la matofali limo humo humo ndani, mbavu zinageuzwa mbele ya macho yako, na moshi wa kuni za hickory utatoka nao kwenye shati. Mchuzi wao una siki, mwepesi, rangi ya machungwa, unalowesha mkate hadi slesi ya chini. Siku ya mechi usingoje kiti, omba ufungiwe ukale kwingine. (Ule mchuzi mweupe alioutaja mwandishi wenu ni wa Decatur, kaskazini ya jimbo, na kule hupakwa kuku. Ukiuulizia hapa watajua tu umetoka mbali.)

Ila lipo jambo ambalo makala iliruka, na ndilo lililonikalisha niandike. Wasomaji wenu wengi ni Waislamu. Shangazi yangu, mtu wa Pangani, alipotutembelea tulimpeleka kwenye mgahawa mmoja, jina naliacha, akaagiza sahani ya mboga tupu. Zikaja bamia za kukaanga, maharage mabichi, majani kama sukuma wiki, na makaroni ya jibini, ambayo huku Kusini nayo huhesabiwa mboga. Kijiko cha pili tu akaibua kinyama cha waridi kutoka kwenye majani. Mhudumu alishangaa tunavyoshangaa: hicho ni cha kutia ladha tu, mama. Shangazi akasogeza sahani katikati ya meza na hakuigusa tena.

Huo ndio upishi wa huku. Majani na maharage huchemshwa na mfupa au kipande cha nguruwe wa kukaushwa kwa moshi, na hata mkate wa mahindi huweza kuokwa kwenye kikaango kilichopakwa mafuta yake. Kwenye menyu imeandikwa mboga, na mwenye mgahawa hadanganyi, kwake hiyo ni mboga. Basi ulizeni kabla ya kuagiza. Kimbilio ni kambare wa kukaangwa kwa unga wa mahindi, anayefugwa kwa wingi kwenye mabwawa ya kusini mwetu, kuelekea Greensboro. Naye pia ulizeni kakaangwa kwa mafuta gani.

Chakula kizuri kuliko vyote siku hiyo hakiuzwi. Kiko kwenye mahema ya mashabiki, kwenye nyasi za katikati ya chuo, pale Quad, kuzunguka mnara wa kengele wa Denny Chimes, na si adabu kujiingiza tu. Mtumeni kijana wenu awatangulie. Mwanafunzi hakosi rafiki mwenye hema, na mkifika semeni "Roll Tide", kauli ya mashabiki wa timu, hata kama mpira wenyewe hamuuelewi.

La mwisho ni kwa wanaopanga kuja kwa mechi ya Auburn, chuo hasimu wetu wa jimbo hili hili, ambayo huchezwa hapa miaka ya 2024, 2026 na kuendelea hivyo kwa kupishana. Huwa ni Jumamosi baada ya Alhamisi ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwezi Novemba, na Alhamisi hiyo migahawa mingi imefungwa. Wakodi nyumba yenye jiko, na wafanye manunuzi Jumatano.

Msomaji wenu,
Northport, Alabama