Betri za sola ziuzwe kwa saa za matumizi, ampea peke yake hazitoshi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa sola hapa Ukerewe. Wateja wengi wanaonipigia simu wanalalamika kwamba wameuziwa betri feki. Nikienda kupima, mara nyingi betri si feki hata kidogo. Waliuziwa kwa hesabu ambayo haijakamilika.

Chukua kinyozi mmoja wa huku kwetu. Ana mashine mbili za kunyolea za wati 10 kila moja, televisheni ya wati 40 na taa nne za wati 5. Jumla ni wati 80. Aliuziwa betri ya maji ya volti 12, ampea-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), akaambiwa atatumia saa 15. Muuzaji alizidisha 12 kwa 100 akapata wati-saa 1,200, akagawa kwa 80, basi.

Betri ya aina hiyo ikitaka kudumu, unatumia nusu na nusu unaiacha. Kwa hiyo zimebaki 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inakula chake, asilimia 15 hivi, zinabaki 510. Gawa kwa 80 upate saa sita na dakika kidogo. Siku ya mawingu kinyozi akifungua saa tatu asubuhi, ikifika saa tisa alasiri anatakiwa kuzima. Lakini ameahidiwa saa 15, kwa hiyo anaendelea kunyoa mpaka inveta ipige kelele. Akienda hivyo masika nzima, salfeti, aina ya chumvi, inaganda kwenye sahani za ndani na betri haishiki chaji tena. Hapo ndipo mimi napigiwa simu.

Kuna jambo jingine wauzaji hawalisemi. Ampea-saa 100 kwa kawaida hupimwa kwa kuvuta ampea 5 polepole kwa saa 20. Ukiivuta ampea 50, usitegemee saa mbili; hata saa moja na nusu inaweza isifike. Na betri ya gari, ambayo watu wanaikimbilia kwa sababu ya bei, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuitumia kuwasha taa usiku kucha ni kuiua.

Betri ya lithiamu ni ghali, nakubali. Ila inaruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, na kwa ampea-saa zilezile kinyozi yule angepata saa kumi.

Naiomba TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ifikirie kumtaka kila muuzaji amwandikie mteja saa atakazopata kwa vifaa alivyo navyo, hesabu ikiwa imeshatoa ile nusu na kile cha inveta. Wakati tunasubiri, mnunuzi nenda dukani na orodha ya wati zako, umwambie muuzaji aandike saa hizo kwenye risiti na kugonga muhuri. Akigoma, nenda duka la pili.

Fundi wa sola,
Ukerewe, Mwanza