Mjomba, Nyerere Square unafika, ila huhemi

Shikamoo mjomba. Habari za Makole hapo Dodoma, na vumbi hili la Agosti? Barua hii nimeiweka hadharani makusudi. Najua vijana watakusomea kijiweni, na pale kijiweni hauko peke yako mwenye kadi ya kliniki ya sukari.

Mama ameniambia majibu ya kile kipimo cha miezi mitatu (kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako) hayajashuka, na kwamba umenuna: "Natembea kila siku, wanataka nini tena?" Kutembea unatembea, hilo hakuna wa kukunyima. Lakini mimi nimetembea na wewe. Tunatoka Makole, tunasimama kwa fundi viatu, tunamsalimia muuza magazeti, tunabishana Simba na Yanga tangu mlangoni mpaka Nyerere Square, na hakuna hata mmoja wetu anayekatisha maneno ili avute pumzi. Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo. Umbali unatosha, siku zinatosha. Kinachokosekana ni kasi.

Daktari anaposema dakika 150 kwa wiki, anamaanisha dakika 150 za mwendo wa kukutoa kijasho. Hilo la kijasho huwa linapotea njiani kati ya chumba cha daktari na nyumbani. Kulipima hakuhitaji mashine: mwendo unaofaa ni ule ambao bado unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Wewe ni besi wa kwaya, jaribu ubeti mmoja huku unatembea. Ukiumaliza kwa raha, ongeza hatua. Ukishindwa hata kutaja jina lako, umezidisha.

Kwa nini kasi? Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako, ile homoni inayoifungulia sukari mlango wa msuli, imekuwa butu. Ukitembea kivivu, unavuta kidogo. Ukikaza, misuli inakula akiba ya sukari iliyojiwekea yenyewe, na ukishapumzika inabidi iijaze tena kutoka damuni. Kwa hiyo zoezi la leo linaweza kukusaidia mpaka kesho, hata keshokutwa, kisha faida yake inafifia. Ndiyo maana wataalamu hawapendi zipite siku mbili mfululizo bila zoezi. (Nawe una tabia ya kupumzika Ijumaa mpaka Jumapili, usinikatalie.)

Mwaka 2003 watafiti wa Kanada walikusanya majaribio kadhaa ya mazoezi kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Walipoangalia ni nini kinachoendana na kushuka kwa kipimo cha miezi mitatu, ukali wa zoezi ulikuwa na uzito kuliko wingi wake. Ila jaribio ninalolipenda zaidi ni la Denmark, la mwaka 2013, kwa sababu ni la kutembea tu. Kundi moja lilikwenda mwendo mmoja. Jingine lilikaza dakika tatu, likalegeza dakika tatu, likakaza tena, mtindo ulioanzia Japani. Wote walitembea saa nzima, siku tano kwa wiki, kwa miezi minne, na nguvu waliyotumia kwa jumla ilikuwa inalingana. Waliokuwa wakikaza na kulegeza, uwezo wa mwili wao kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 16, kitambi kikapungua, sukari ikatulia zaidi. Wenzao wa mwendo mmoja walibaki karibu pale pale.

Huko Hombolo, ulipokuwa unalima zabibu, jembe lilikufanyia kazi hiyo yote bila kuuliza. Kupanda tuta, kubeba maji, kuhema, kusimama kidogo, kuendelea. Mjini jembe limebaki nyuma ya mlango.

Sitaki uwe Juma Ikangaa, yule mkimbiaji wa marathoni. (Ingawa ni mtu wetu wa Dodoma, na ni wewe uliyenisimulia alivyoshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01.) Anza na dakika moja: kaza kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine, legeza nguzo mbili, rudia. Dakika tatu zitakuja zenyewe baada ya wiki kadhaa. Toka kabla jua halijakomaa au subiri saa kumi na moja jioni. Siku mbili tatu kwa wiki, simama na kukaa kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia. Ndoo za maji nazo zinahesabika.

Sasa yale ambayo sitaki utani. Kama unakunywa vidonge vya sukari vya glibenclamide au unachoma insulini, ukikaza mwendo sukari inaweza kushuka, hata saa kadhaa baadaye ukiwa umelala. Vidonge vya metformin peke yake hufanya hivyo kwa nadra. Pima sukari kabla ya kutoka. Ukikuta chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kitu kwanza. Ikipita 14 na unajisikia vibaya, siku hiyo hakuna kukaza. Mfukoni weka sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye karatasi. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, simama na uile palepale. Ya kufika nyumbani achana nayo. Kifua kikibana, acha kabisa na uende hospitali.

Macho je? Kama hujapimwa mwaka huu, anza hapo kabla ya mengine yote, maana mishipa iliyoharibika nyuma ya jicho inaweza kuvuja damu kwa zoezi kali au kwa kunyanyua mizigo. Miguu nayo ikaguliwe kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Na hizo ndala za kutembelea zibaki bafuni. Raba nimenunua, zinakuja na basi la Ijumaa.

Jambo moja nakuomba kabla ya Jumamosi, nikija tuanze pamoja. Mwambie binti apige picha vidonge vyako vyote anitumie, pamoja na vya presha. Kama kuna atenolol au propranolol humo, mapigo ya moyo hayatatuambia kitu kuhusu kasi yako, kwa sababu dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio. Itabidi uimbe.