Ada ya begi tuliyoambiwa tukiwa kaunta

Nyalenda,
Kisumu.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: ADA YA MZIGO, SAFARI YA KISUMU HADI MOMBASA KUPITIA NAIROBI

Wiki mbili zilizopita nilimkatia mama yangu mzazi tiketi ya ndege yenu. Alikuwa anaenda Mombasa kumwona mjukuu wake wa kwanza, na hajawahi kupanda ndege maishani. Nilinunua kwenye tovuti yenu kwa simu, nikalipa shilingi 9,400 kwa M-Pesa. Bei ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Habari za mzigo sikuziona.

Na si kwamba sikujiandaa. Jioni ya kuamkia safari tulibeba begi hadi kwa jirani anayeuza mahindi, tukalipima kwenye mizani yake: kilo 19. Mashirika mengi huruhusu kilo 23, kwa hiyo nikatulia. Hata pawabanki niliitoa nikamwekea kwenye mkoba, kwa sababu betri za namna hiyo haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.

Pale kaunta, uwanja wa ndege wa Kisumu, mhudumu alitazama kompyuta akasema tiketi hii haina begi. Mama anaruhusiwa mkoba wa kilo 7 basi. Begi lile ni shilingi 3,500. Nikamuuliza ningelilipia siku ya kukata tiketi ingekuwa ngapi. Akanijibu: 1,800.

Mama alisikia. Kabla sijasema neno alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, amefungua zipu, anatoa vitu: omena waliokaushwa, aliowafunga kwa gazeti mara tatu wasinuke, unga wa wimbi kilo nne, na kishali cha mtoto alichokifuma kwa mkono tangu mimba ilipotangazwa. Foleni ikawa inampita pembeni. "Mwanangu, pesa hizo ni nyingi. Nitaenda mikono mitupu." Huku kwetu hakuna mama anayeenda kumpokea mjukuu mikono mitupu. Nililipa.

Yule mhudumu sina neno naye. Alituhudumia kwa heshima na akamsaidia mama kufunga begi tena. Lalamiko langu ni kwenu mnaopanga tovuti. Niliporudi nyumbani niliifungua upya, na nilibonyeza mara nne ndipo nikafika kwenye masharti ya nauli. Yote ni Kiingereza, kwa maandishi ambayo kwenye simu lazima uyavute ndipo uyasome.

Kuuza nauli isiyo na begi si kosa. Mtu anayekwenda mkutano Nairobi na kurudi jioni inamfaa sana. Lakini mnunuzi ajue anachonunua kabla hajaweka namba yake ya siri. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu huduma anayolipia. Kilo na bei ya begi ni habari za namna hiyo hasa.

Naomba mnirudishie shilingi 1,700, ambazo ndizo tofauti ya bei zenu mbili. Naomba pia uzito wa mzigo na ada yake viandikwe kando ya nauli, kwa Kiswahili pia, na abiria atumiwe ujumbe mfupi siku moja kabla ya safari ukimwambia ana kilo ngapi na kulipia kaunta ni pesa ngapi. Namba yake ya simu mnayo tayari.

Mama anarudi mwisho wa mwezi kwa tiketi ya aina ileile. Safari hii nimemlipia begi mapema. Risiti inasema kilo 23, ila haielezi kama zinahesabika kwa ndege zote mbili, ya Mombasa hadi Nairobi na ile ya kuja Kisumu, au atatozwa tena akifika Nairobi akiwa peke yake. Tafadhali nijibuni kwa maandishi kabla hajaanza kufungasha.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Kisumu